KARATA ZA SIGARA ZA BABA: KWA NINI SIZICHOMI

SEHEMU YA 1

Nimetoka zamu ya mchana, miguu imevimba, chai ya tangawizi ipo pembeni. Leo hatuongelei presha wala sukari. Leo naomba tuongelee karata.

Wiki iliyopita niliweka hapa picha ya baadhi ya karata zangu za zamani za matangazo. Wengi mlifurahi, mkauliza nimezipata wapi. Lakini kuna dada mmoja akaandika: "Nesi mzima unatunza matangazo ya sigara? Wagonjwa wako wakiona watasema nini?" Wengine wakamuunga mkono. Mmoja akasema zichome tu, yaishe.

Nimekaa na hayo maneno siku sita. Sikutaka kujibu kwa hasira, kwa sababu dada yule hajakosea kuuliza. Nitajibu kwa sehemu tano, mnivumilie.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Karata ya tangazo ni karata ya kawaida kabisa, kopa, uru, pau na shupaza, zote 52, pamoja na joka. Ila mgongoni, pale ambapo kwa kawaida kuna maua au vijimistari, kuna jina la kampuni. Sigara, bia, soda, shirika la ndege, benki, matairi, dawa za kichwa. Wakati mwingine jina limewekwa pia kwenye ree ya shupaza, ile ambayo vijana mnaiita "A", na kwenye joka. Kampuni ilizichapisha ikazigawa bure, au ikaziuza kwa bei ya chini.

Mimi nina pakiti 31. Kamili ni 19 tu. Nyingine zimepungua karata moja, mbili, na moja ina karata 11 peke yake. Moja ni ya BOAC, lile shirika la ndege la Uingereza ambalo mwaka 1974 liliunganishwa na lingine likawa British Airways. Hiyo niliipata kwa baba wa mfanyakazi mwenzangu, mzee aliyekuwa baharia. Mbili nimezikuta ndani ya makoti ya mitumba, mfuko wa ndani. Moja aliniletea mjomba kutoka Muscat. Nyingi nilinunua kwa mzee mmoja hapa Tanga anayeuza redio mbovu na vitasa. Bei ya juu niliyowahi kutoa ni elfu nane. Kwa hiyo msiniite tajiri.

Pakiti ya kwanza kabisa sikuinunua. Niliirithi. Na hiyo ndiyo mnayotaka niichome.

SEHEMU YA 2

Baba alikuwa na duka. Duka la mtaani, unga, sukari, mafuta ya taa, vibiriti, sigara. Kila baada ya muda ilikuja gari ya kampuni ya sigara. Kampuni siitaji, na wala si lazima, nyumba nyingi zina ya kwao. Yule kijana wa mauzo alikuwa mcheshi, anamwita baba "mzee wangu", anaulizia watoto kwa majina. Akishusha mzigo anaacha na zawadi. Kalenda, fulana, kisahani cha majivu. Siku moja, nilikuwa na miaka kama mitano, aliacha pakiti mbili za karata.

Zilikuwa nzuri jamani. Laini, zinateleza, mgongo mwekundu una ukingo wa dhahabu. Karata tulizokuwa nazo kabla ya hapo zilikuwa zimechakaa mpaka ukiishika unajua ni seti ya pau kwa mkunjo wake tu.

Basi kila jioni kibarazani wanakaa wazee wanne, wawili kwa wawili, wanapiga turufu mpaka taa inaisha mafuta. Kazi yangu ilikuwa kuchanganya karata, na nilisifiwa. Nilitambua jina la ile sigara kabla sijajua kuandika jina langu. Mwalimu wa chekechea alipotuuliza nani anajua neno lolote, mimi niliandika jina la sigara ubaoni. Darasa zima likacheka, na mwalimu akacheka. Baba aliposimuliwa alinibeba mabegani kwa furaha.

Pakiti moja ilipotea. Nyingine ilidumu. Siku nane ya uru ilipopotea, baba alikata kipande cha boksi la sigara ileile, maana rangi ililingana, akachora uru nane kwa kalamu nyekundu. Ukiifunika kwa mgongo huijui kirahisi.

Baba alifariki mwaka 2012. Nilikuwa mwaka wa pili wa diploma ya uuguzi. Mapafu. Siyo saratani, ni ule ugonjwa sugu wa njia ya hewa ambao haukuui haraka. Unakunyang'anya kwanza kupanda ngazi, halafu kutembea mpaka msikitini, halafu kuongea sentensi nzima, mwisho unakunyang'anya kulala chali. Nilikuwa nasoma darasani dalili ambazo likizo nakwenda kuziona nyumbani.

Baada ya arobaini kaka yangu alikusanya kila chenye jina la sigara ile akakiwashia moto nyuma ya nyumba. Fulana, kalenda, kisahani kilipasuka kwa joto. Simlaumu hata leo. Mimi nilificha karata ndani ya daftari la anatomia.

Kwa nini? Wakati ule sikujua. Niliona tu kwamba nane ya uru ina mwandiko wa baba. Sababu nyingine nilikuja kuielewa baadaye, nilipoanza kukusanya pakiti nyingine na kuuliza hivi vitu vilianzaje.

SEHEMU YA 3

Naomba leo mnisome taratibu, maana hapa ndipo penye kiini.

Karata ni za zamani kuliko matangazo. Hata majina yetu yanasema zilikotoka. Kopa, shupaza, uru, pau: Wareno wanasema copas, espadas, ouros, paus. Seti ni sete yao, saba. Turufu ni trunfo. Walikuja pwani wakaondoka, karata zikabaki mkononi.

Kwa muda mrefu huko Ulaya mgongo wa karata ulikuwa mtupu, mweupe. Watu wakaufanya karatasi. Waliandika barua fupi, madeni, mialiko. Mwaka 1685 koloni la Ufaransa kule Kanada liliishiwa sarafu. Kiongozi mmoja, Jacques de Meulles, akakusanya karata, akaziandika thamani na kutia saini, akawalipa askari mishahara. Karata zikawa pesa.

Shida ya mgongo mweupe ni kwamba unachafuka, na karata yenye doa wajanja wanaijua. Karne ya 19, uchapaji ulipokuwa rahisi, wakaanza kuchapa michoro mgongoni ili zote zifanane. Na palipo na nafasi ya mchoro, mfanyabiashara anaona nafasi ya jina lake.

Mwaka 1888 kampuni ya Kinney Brothers ya New York ikatoa karata ndogo zenye michoro ya kuchekesha, zinazowekwa ndani ya boksi la sigara. Unanunua boksi unakuta karata yako. Ukitaka seti nzima, endelea kununua. Miaka ya 1920 na 1930 kampuni za Uingereza, zikiwemo Wills na Carreras, nazo ziliweka karata ndogo kwenye maboksi, na ukikamilisha seti unaipeleka unapewa pakiti ya karata za ukubwa wa kawaida. Zawadi hiyo!

Sasa tupige hesabu, maana sisi manesi tunapenda hesabu. Karata ni 52. Tuseme kila boksi lina karata moja ya kubahatisha na hubadilishani na mtu. Unadhani utahitaji maboksi mangapi kupata zote? Siyo 52. Kwa wastani ni 236, kwa sababu ukifika mwishoni unakuta zilezile ulizonazo. Boksi likiwa na sigara 10, hizo ni sigara 2,360 kwa ajili ya "zawadi". Wodini mgonjwa wa kifua tunamuuliza amevuta boksi ngapi kwa siku kwa miaka mingapi, tunaandika kwenye faili. Kumbe kuna watu walikuwa na hesabu kama yetu upande wa pili wa meza.

Lakini huo mtego wa boksi siyo uliomnasa baba. Wa baba ulikuwa wa hali ya juu zaidi. Chukueni karata mkazishike mkononi sasa hivi, kama mnacheza. Unaona nini? Unaona uso, karata zako. Mgongo unaonwa na nani? Na wenzako watatu.

Mnanielewa? Gazeti unalisoma ukalifungia maandazi. Bango unalipita na daladala. Karata inakaa kibarazani miaka, na kila anayeishika anawaonyesha marafiki zake tangazo bila kujua, kwa mkono wake, saa mbili kila jioni, huku wanacheka. Anayekutangazia si kampuni tena. Ni rafiki yako. Ni baba yako. Na mimi niliyekuwa nachanganya na kugawa, nilikuwa mfanyakazi wao mwenye miaka mitano, bila mshahara.

Hilo sikulisoma kwenye kitabu chochote cha chuo. Nililiona siku nilipopanga karata za baba mezani, migongo juu, zote 52, nikajiuliza hivi hii rangi nilianza kuipenda lini.

SEHEMU YA 4

Sasa nirudi kwa yule dada. Hoja yake ni kwamba tangazo ni tangazo hata likizeeka, na mimi nalisambaza bure. Na sheria ziko upande wake. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku ulianza kutumika mwaka 2005, na unazitaka nchi wanachama kupiga marufuku matangazo, promosheni na udhamini wa tumbaku kadiri katiba zao zinavyoruhusu. Tanzania tuna sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003. Kenya wana yao ya mwaka 2007.

Nilitaka kujibu haraka kwamba hizi ni kumbukumbu tu, hazimdhuru mtu. Kabla sijaandika, nikapata ujumbe wa kaka mmoja anayefuatilia ukurasa huu. Aliacha sigara miezi minane iliyopita. Akaandika: "Sista, sikulaumu, ila nilipoona ile rangi mate yalinijaa. Nikatoka nje nikatembea mpaka hamu ikaisha."

Hapo nilikaa kimya. Karata ina zaidi ya miaka thelathini na bado inafanya kazi iliyotumwa.

Kwa hiyo nakiri: ile picha niliikosea. Niliweka migongo mizuri bila neno lolote, kama mtu anayeonyesha kanga mpya. Nimeiondoa usiku uleule. Kuanzia sasa sitaweka picha ya mgongo wa karata ya sigara hapa. Wodini sijawahi kuzipeleka na sitazipeleka. Sebuleni kwangu hazining'inii ukutani. Kaka, kama unasoma, nisamehe, na hongera kwa ile miezi minane.

Ila kuchoma? Hapana. Hapo mimi na dada tunaachana.

Mwaka 1946 kampuni ya sigara za Camel huko Marekani ilianza kutangaza kwamba madaktari wengi wanavuta Camel kuliko sigara nyingine yoyote. Daktari wa kuchorwa, koti jeupe, tabasamu. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill wakachapisha utafiti wao wa wagonjwa wa hospitali za London uliohusisha sigara na saratani ya mapafu. Januari 1964 mganga mkuu wa serikali ya Marekani akatoa ripoti iliyosema wazi kwamba sigara inasababisha saratani hiyo kwa wanaume. Na karata za sigara ziliendelea kuchapishwa na kugawiwa miaka mingi baada ya hapo. Zangu za nyumbani niligawa mimi, miaka thelathini baada ya ripoti hiyo.

Huo ni ushahidi, jamani. Mtu akija kuniambia "wazee wenu walijichagulia wenyewe", nitamwonyesha nini? Majivu?

Wodini mgonjwa akiingia hatuanzi na dawa, tunaanza na historia. Lini ilianza, ulikuwa wapi, ulikuwa na nani. Faili likipotea tunatibu gizani. Hizi karata ni sehemu ya historia ya ugonjwa wa baba na wazee wenzake watatu wa kibarazani. Kati ya hao wanne, watatu walikufa kwa vifua.

Na tusijione wasafi sisi wa afya. Kwenye pakiti zangu 31, mbili ni za kampuni za dawa, na moja ni ya dawa ya presha. Wagawiwa walikuwa madaktari. Mimi mwenyewe nimeshapewa kalamu yenye jina la dawa na wauzaji, nikaandikia nayo chati mwezi mzima. Kila niliyemsogelea kitandani alilisoma lile jina. Mgongo wa karata ulikuwa kwake, uso ulikuwa kwangu. Kalamu ile nayo sijaitupa. Ipo kwenye kopo moja na joka.

SEHEMU YA 5 (MWISHO)

Sasa ombi langu kwenu, fupi.

Nyumbani kwa wazazi wenu kuna droo, kabati, au bati la biskuti lenye vitu vya zamani. Siku ukienda, fungua uangalie. Ukikuta karata za tangazo, za sigara, bia, shirika lililokufa, usichome na usitupe, hata kama ni karata nane tu. Wakusanyaji wa kuuza wanataka pakiti kamili. Sisi tunaotafuta habari, karata moja inatosha.

Usizifunge kwa mpira wa manoti. Mpira ukioza unaganda na kukata kingo. Usizipige gundi wala plastiki ya moto. Zifunge kwenye karatasi nyeupe safi, uziweke kwenye boksi kavu. Sisi wa pwani unyevu ndio adui, pamoja na mende. Usiandike chochote juu ya karata. Andika kwenye bahasha: zilikuwa za nani, alizipata wapi, nani aligawa, mwaka gani kwa kukadiria, walicheza akina nani. Hayo maelezo yana thamani kuliko karata, kwa sababu karata zilichapwa nyingi, kibaraza chenu kilikuwa kimoja. Na waulize wazee wangali hai. Mimi sikumuuliza baba hata siku moja, "Wakati unapewa, ulidhani ni za nini?" Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu ya kumuuliza.

Halafu, ukishaziona za zamani, tazama za leo. Vizibao vya kung'aa vya bodaboda vyenye jina la kampuni ya kubeti mgongoni. Mgongoni! Anayekivaa halioni lile jina, analiona abiria aliyekaa nyuma yake dakika ishirini. Miavuli ya mama ntilie. Fulana za mashindano ya mtaa. Sisemi wasivae, mvua inanyesha na jua linachoma, na mkono mtupu haulambwi. Nasema tujue tumeshikishwa nini.

Mwezi uliopita mtoto wa kaka, ana miaka kumi na miwili, aliniuliza: "Shangazi, babu alianzaje kuvuta sigara?" Baba yake hapendi kuliongelea. Nikamwambia kaa. Nikatoa karata za babu yake, nikagawa kama tunacheza wanne, mimi, yeye, mama yangu na dada wa kazi. Nikamwambia usiangalie karata zako. Tuangalie sisi. Unaona nini?

Akatutazama mmoja mmoja. Akasema, "Naona sigara."

Bibi yake akaweka karata chini, akajifuta macho na ncha ya kanga. Mtoto akaendelea kukagua zake, akaitoa moja, akasema, "Shangazi, hii mbona imechorwa kwa kalamu?"

Ilikuwa nane ya uru. Nikamwambia hiyo usiikunje, hiyo ni ya babu.

Kaka yangu alisikia habari hiyo akanipigia simu. Nilijiandaa kwa ugomvi. Akaniuliza tu kama bado ninazo zote. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi usizipoteze."

Mwenye karata ya zamani ya tangazo kwao aandike hapo chini: ilikuwa ya nani, na nani alimpa. Msiweke picha za mgongo, tuna wenzetu hapa wanapambana kuacha. Maneno yanatosha. Nitasoma zote asubuhi nikitoka, usiku huu niko wodini.